Cheti cha chumba cha upasuaji Marekani: kinapatikana wapi, na wapi hakipatikani

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chetu cha kazi na masomo, kwa wasikilizaji wetu wa Nakivale: Base Camp, Rubondo na Juru, pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa simu mkiwa mbali. Mimi niko hapa na dada yangu, ambaye baadaye atasoma maswali mliyotuletea.

Leo tunazungumza juu ya kazi moja ya hospitali. Ni kazi ya yule mtu anayesimama karibu na daktari wa upasuaji, anayetayarisha vifaa na kumpa daktari kimoja kimoja. Nchini Marekani kazi hiyo ina cheti chake. Ndugu zetu waliohamia Texas, Kentucky, Arizona na kwingine wanaiulizia, na sisi tulio hapa tunaiulizia kupitia kwao.

Tumechagua jambo hili kwa sababu ya pesa zenu. Kuna vyeti vinavyouzwa kwa simu. Mtu anakuambia ulipe, usome wiki chache kwenye skrini, halafu utapewa karatasi ya ufundi wa upasuaji itakayokufungulia mlango wa hospitali za Marekani. Kabla hujatoa hata shilingi moja, sikiliza kipindi hiki hadi mwisho. Chukua kalamu na karatasi. Kuna majina manne ya kuandika, nayo yatakusaidia kujua ukweli wewe mwenyewe.

(Muziki mfupi.)

KAZI YENYEWE NI IPI

MTANGAZAJI: Waliofanya kazi hospitalini kule Kongo wanamjua mtu huyu kwa jina la enstrumantisti. Hapa Uganda watu wanasema tu, yule wa thieta. Marekani anaitwa surgical technologist. Katika kipindi hiki tutamwita fundi wa upasuaji. Hapasui mgonjwa wala hamlazi usingizi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kinachomgusa mgonjwa ndani ya mwili hakina kijidudu, kwamba daktari anapata kifaa anachokihitaji kwa wakati, na kwamba hakuna kitu kinachosahaulika tumboni mwa mtu.

Tuanze na vijidudu. Mkasi ukioshwa kwa sabuni unang'aa, lakini bado una vijidudu visivyoonekana. Ukiuchemsha kwenye sufuria ya kawaida, maji yanafika nyuzi 100, na kuna vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo havifi kwa joto hilo. Ndiyo maana hospitali inatumia mashine ya mvuke iitwayo otoklevu. Inafanya kazi kama sufuria ya presha: mvuke unafungiwa ndani, joto linapanda hadi nyuzi 121 au hata 134, na hapo vijidudu vyote vinakufa. Fundi akipokea pakiti iliyotoka humo, anaangalia alama ya karatasi inayobadilika rangi ili ajue kwamba mvuke umefika ndani. Pakiti ikiwa na unyevu au tundu, inarudishwa.

Halafu ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anavaa gauni na glavu, na kupanga meza ya vifaa. Kuanzia hapo anatembea kwa sheria. Gauni lake linahesabiwa safi upande wa mbele tu, kutoka kifuani hadi usawa wa meza, pamoja na mikono yake hadi juu kidogo ya kiwiko. Mgongo hauhesabiwi, hata kama gauni limetoka kwenye pakiti dakika hiyo hiyo. Mikono haishuki chini ya kiuno. Mafundi wawili wakipishana mahali pembamba, wanapishana uso kwa uso au mgongo kwa mgongo, ili mgongo wa mmoja usiguse kifua cha mwingine.

Kisha kuna kuhesabu. Kabla daktari hajakata, fundi na muuguzi wanahesabu pamoja, kwa sauti: shashi za kufyonza damu, sindano, visu, mikasi, vibanio. Wanahesabu tena kabla tumbo halijafungwa, na tena ngozi inapofungwa. Shashi za chumba cha upasuaji zina uzi maalumu unaoonekana kwenye picha ya eksirei. Kama shashi 10 ziliingia na 9 ndizo zilizoonekana, daktari anaambiwa papo hapo na watu wanatafuta: sakafuni, kwenye ndoo ya taka, ndani ya mgonjwa. Isipopatikana, mgonjwa anapigwa picha ya eksirei. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha usalama wakati wa upasuaji, na hesabu hii imo: ni lazima ithibitishwe kabla mgonjwa hajatolewa chumbani.

Sasa fikiria hivi. Fundi amepanga meza, na kiwiko chake kimegusa ukuta. Hakuna aliyeona. Mgonjwa amelala na daktari anaangalia jeraha. Fundi anatakiwa kusema mwenyewe, "Nimegusa ukuta," na kubadilisha gauni, hata kama daktari ana haraka na atakasirika. Huko shuleni wanaiita dhamiri ya upasuaji, na ni somo la kwanza kabisa.

(Muziki mfupi.)

KWA NINI WANATAKA CHETI

MTANGAZAJI: Mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa hawezi kumuuliza mtu, "Wewe umesoma wapi?" Cheti kinamjibia swali hilo kabla hajalala.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kazi hii ilikua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wauguzi walikuwa wachache, majeruhi walikuwa wengi, na jeshi la Marekani likawafundisha askari wa kitengo cha tiba kumsaidia daktari wakati wa upasuaji. Baada ya vita, hospitali za raia zikafanya vilevile, kila moja ikifundisha watu wake kwa namna yake. Mwaka 1969 chama cha kazi hii kilianzishwa, na ndipo juhudi za kuwa na masomo ya aina moja na mtihani wa aina moja zilipopata nguvu.

Leo hii baadhi ya majimbo, kwa mfano Texas, New York na Tennessee, yana sheria zinazotaka fundi wa upasuaji awe na masomo na cheti kinachotambulika. Katika majimbo mengine sheria haisemi hivyo, lakini hospitali zenyewe zinaandika kwenye tangazo la kazi kwamba zinamtaka mwenye cheti.

Jina la kwanza la kuandika ni jina la cheti chenyewe: Certified Surgical Technologist, kwa kifupi CST. Narudia: C, S, T.

Jina la pili ni la bodi inayotunga mtihani na kutoa cheti hicho: NBSTSA. Narudia: N, B, S, T, S, A. Shule haiwezi kukupa CST. Hospitali haiwezi, na kozi ya simu haiwezi. Shule inakusomesha, kisha bodi inakupima. Mtu yeyote anayekuambia kwamba yeye mwenyewe atakusomesha, atakupima na kukupa CST, hapo hapo umejua kwamba hasemi kweli.

(Muziki mfupi.)

NJIA KUTOKA MWANZO HADI MWISHO

MTANGAZAJI: Tuipite njia hii hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni cheti cha sekondari. Shule za Marekani zinataka mtu aliyemaliza sekondari. Kama una diploma ya serikali ya Kongo au cheti cha Uganda, kitapelekwa kwenye ofisi ya kutathmini vyeti vya nje, ambayo itasema kinalingana na nini huko. Kama huna cheti au kilipotea, kuna mtihani uitwao GED, wenye masomo manne: hesabu, lugha, sayansi na elimu ya jamii. Ukifaulu, unahesabiwa kama mtu aliyemaliza sekondari. Watu wazima wengi wanaufanya, na umri si kikwazo.

Hatua ya pili ni shule, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ili bodi ikuruhusu kufanya mtihani, njia ya raia wa kawaida ni kumaliza kozi ya ufundi wa upasuaji yenye ithibati. Ithibati maana yake ni kwamba kuna chombo cha nje kilichokwenda kuikagua kozi hiyo, kikaona walimu, vifaa na hospitali za mazoezi, na kikasema inafaa. Vyombo hivyo ni viwili, na ndiyo majina yetu ya tatu na ya nne. Andika: CAAHEP. C, A, A, H, E, P. Na cha pili: ABHES. A, B, H, E, S.

Sikiliza vizuri hapa. Chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati yake nzuri, lakini kozi hii moja isiwe nayo. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, chuo chenu kinatambulika?" Watajibu ndiyo, na watakuwa hawajasema uongo. Uliza hivi: "Je, kozi yenu ya ufundi wa upasuaji ina ithibati ya CAAHEP au ABHES?" Kozi nyingi za namna hiyo zinatolewa na vyuo vya jamii, ambavyo ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vingi binafsi. Kwa kawaida zinachukua kati ya mwaka mmoja na miwili.

Hatua ya tatu ni mazoezi hospitalini, nayo ni sehemu ya kozi. Mwanafunzi anasoma viungo vya mwili, vijidudu, dawa, majina ya vifaa mamia kwa mamia, halafu anaingia kwenye chumba cha upasuaji pamoja na fundi mzoefu. Mtaala wa kazi hii unataka mwanafunzi ashiriki katika upasuaji usiopungua 120 kabla ya kumaliza. Katika huo, usiopungua 80 ni lazima yeye mwenyewe awe fundi wa kwanza mezani, anayehesabu na kutoa vifaa, wakati mwalimu anamwangalia. Kazi hizo 80 zinagawanyika: upasuaji wa kawaida kama wa tumbo, na wa aina nyingine kama mifupa, uzazi, macho, au masikio na koo.

Namba hiyo ya 120 ndiyo inayoonyesha kwa nini kozi ya wiki chache kwenye simu haiwezi kukufikisha. Simu inaweza kukufundisha jina la mkasi. Lakini haina mgonjwa anayetoka damu, haina daktari anayenyoosha mkono bila kugeuza macho, wala haina hesabu ya shashi inayokataa kulingana saa nane za usiku.

Hatua ya nne ni mtihani wa bodi. Unafanyika kwenye kompyuta, katika kituo maalumu, na kwa Kiingereza. Una maswali 175 ya kuchagua jibu, na muda ni saa 4. Maswali 150 ndiyo yanayohesabiwa. Mengine 25 ni ya majaribio, bodi inayapima kwa ajili ya miaka ijayo, lakini yamechanganywa na huwezi kuyatambua. Kwa hiyo unajibu yote kwa uzito mmoja. Maswali yanahusu mambo ya kabla, wakati na baada ya upasuaji, kazi nyingine kama kusafisha vifaa na kutunza mashine, na sayansi ya msingi. Ada ya mtihani unailipa kwa bodi yenyewe.

Hatua ya tano ni kukitunza cheti. CST inadumu miaka 2. Katika miaka hiyo fundi anatakiwa kukusanya pointi 30 za masomo ya kuendelea, kwa sababu vifaa vinabadilika: leo kuna upasuaji unaofanywa kupitia matundu madogo kwa kamera, na mwingine kwa mashine inayoongozwa na daktari kutoka kwenye kiti chake. Usipokusanya pointi, cheti kinakwisha.

(Muziki mfupi.)

MASWALI YA WASIKILIZAJI

MTANGAZAJI: Dada, karibu. Maswali yamefika mengi?

MWENZAKE: Asante kaka. Ni mengi, nimechagua manne. La kwanza ni la baba mmoja wa Juru. Anasema: "Mimi ni muuguzi wa A2. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye chumba cha upasuaji kule Kivu. Nimeshika vifaa mchana na usiku, hata wakati wa vita. Nikifika Marekani, kwa nini nisifanye huo mtihani moja kwa moja?"

MTANGAZAJI: Baba, shikamoo, na asante kwa kazi uliyoifanya. Swali lako ni la haki, na jibu lake linauma. Bodi haiangalii miaka uliyofanya kazi nje ya Marekani. Inaangalia kwanza kozi yenye ithibati. Wale waliofundishwa kazi hii katika jeshi la Marekani wana mlango wao, lakini mimi na wewe hatumo humo. Kwa hiyo miaka yako tisa haitakuruhusu kukaa kwenye mtihani bila kupita shuleni.

Lakini miaka hiyo haijapotea. Kwanza, ukiwa darasani utakuwa unajifunza kwa Kiingereza mambo ambayo mikono yako tayari inayajua. Pili, kuna kazi katika hospitali hiyo hiyo ambazo zinaanza na masharti mepesi zaidi, kama kusafisha na kufunga vifaa katika idara ya otoklevu, au kusukuma wagonjwa. Wengine wanaanzia huko huku wanasoma, na baadhi ya hospitali zinawasaidia wafanyakazi wake kulipia masomo. Tatu, wewe ni muuguzi. Kabla hujachagua njia ya fundi, uliza pia njia ya kurudi kwenye uuguzi wako. Ni ndefu zaidi na ina mtihani wake, lakini inaweza kukufaa kuliko kuanza kazi nyingine.

MWENZAKE: Kuna watu wanasema kuna cheti kingine, si CST pekee.

MTANGAZAJI: Ni kweli, dada. Kipo kinachoitwa TS-C, kinachotolewa na chombo kingine kiitwacho NCCT. Ni cheti halali na kina masharti yake. Lakini matangazo mengi ya kazi yanataja CST. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, soma matangazo ya kazi ya mji ule unaoishi, uone hospitali za pale zinataka kipi, na uulize sheria ya jimbo lako.

MWENZAKE: Swali la pili ni la dada mmoja wa Rubondo. Amemaliza S4. Anasema Kiingereza chake ni cha darasani tu, na anaogopa damu kidogo. Anauliza kama anaweza.

MTANGAZAJI: Dada yangu, damu wengi wanaizoea, na wanafunzi wengine wanaishiwa nguvu siku ya kwanza kisha wanarudi siku ya pili. Kiingereza ndicho kikubwa. Ndani ya chumba cha upasuaji watu wote wamefunika midomo, hivyo huwezi kusoma midomo yao. Mashine zinalia, na daktari anataja kifaa kwa neno moja, haraka. Ukikosea neno, mgonjwa anasubiri akiwa wazi. Basi anza na Kiingereza cha kusikiliza, usiishie kwenye kusoma na kuandika. Jiulize pia kama miguu yako inaweza kusimama saa tano au sita bila kukaa, maana kazi hii ni ya kusimama. Na ujue kwamba kabla ya kuingia hospitalini kwa mazoezi, wanafunzi wanatakiwa kuwa na chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B, na kwa kawaida wanachunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu.

MWENZAKE: La tatu ni la mama wa Base Camp. Anasema: "Mtoto wangu ametumiwa ujumbe kwenye simu. Kozi ya fundi wa upasuaji, dola 150, cheti baada ya wiki sita, na wanasema hospitali ya Marekani itamwandikia barua ya mwaliko. Tumekwisha kuuza mbuzi mmoja. Tuuze wa pili?"

MTANGAZAJI: Mama, mbuzi wa pili abaki zizini. Nitakuambia cha kufanya ili ujionee mwenyewe. Mwambie mtoto awaulize watu hao maswali matatu, na wamjibu kwa maandishi.

Swali la kwanza: kozi yenu ina ithibati ya CAAHEP au ABHES? Wakisema ndiyo, asiwaamini kwa mdomo. Vyombo hivyo vina orodha za kozi zao kwenye intaneti, wazi kwa kila mtu, bila malipo. Jina la kozi lisipokuwemo, habari imekwisha.

Swali la pili: mazoezi ya upasuaji 120 yanafanyika hospitali gani? Kozi ya kweli inayo hospitali na inazitaja. Kozi ya uongo itasema mazoezi ni ya video.

Swali la tatu: wanafunzi wenu wangapi walifanya mtihani wa NBSTSA, na wangapi walifaulu? Kozi yenye ithibati inafuatilia hesabu hizo kwa sababu wakaguzi wanaziuliza.

Na kuhusu barua ya mwaliko, mama, hiyo peke yake inatosha kukuonyesha. Hospitali haimwandikii mwaliko mtu ambaye haijamwona, ambaye hajafanya mtihani wa bodi. Na safari ya mkimbizi kwenda nchi ya tatu haiuzwi wala hainunuliwi. Mtu akikuomba pesa kwa ajili hiyo, toa taarifa kwenye ofisi ya UNHCR au ya serikali hapa kambini. Utawaokoa na majirani zako.

MWENZAKE: La mwisho, kaka. Wengi wanauliza: mshahara ni kiasi gani, na shule inalipwa na nani?

MTANGAZAJI: Kwa takwimu za idara ya kazi ya Marekani za mwaka 2023 na 2024, fundi wa upasuaji wa katikati alipata zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Wa katikati maana yake ni hivi: ukiwapanga mafundi wote kutoka wa chini hadi wa juu, ndiye anayesimama katikati. Anayeanza anapata chini ya hapo. Msizidishe namba hiyo kwa shilingi za Uganda mkashangilia. Kodi ya nyumba, gari na bima vinalipwa kwa dola vilevile. Lakini ni mshahara wa kumlisha mtu na watoto wake kwa heshima, na hauhitaji miaka mingi ya chuo kikuu.

Kuhusu ada, yule aliyepokewa Marekani rasmi kama mkimbizi amekuwa akiruhusiwa kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu kwa fomu iitwayo FAFSA. Fomu hiyo haina malipo. Sehemu moja ya msaada huo, iitwayo Pell Grant, hairudishwi. Sehemu nyingine ni mkopo, nao ni deni la kweli. Kila mmoja aulize ofisi ya misaada ya shule, "Hii ni ruzuku au ni mkopo?" kabla hajaweka sahihi. Tena aulize kanuni za mwaka huo, maana sheria hizi zinabadilishwa.

MWENZAKE: Asante kaka. Hayo ndiyo maswali yetu.

MTANGAZAJI: Asante sana dada.

(Muziki mfupi.)

SISI TULIO HAPA TUFANYE NINI

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, tuseme wazi jambo ambalo kila mtu analijua. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za watu wengi zikafutwa. Kuna familia ambazo zilikuwa zimekwisha kugawa magodoro yao kwa majirani. Kwa hiyo kipindi hiki hakimwahidi mtu safari, na mtu asipange maisha yake yote juu ya cheti cha nchi ambayo hajafika. Walioko huko tayari, watumie tuliyoyasema kuanzia kesho. Sisi tulio hapa tunayo mambo ambayo yatatufaa tukibaki Uganda, tukirudi nyumbani, au tukienda kwingine.

Kwanza, tunza karatasi zako. Cheti cha shule, matokeo ya mitihani, barua ya kazi kutoka hospitali uliyofanyia. Piga picha kila moja kwa simu na umtumie ndugu unayemwamini, ili nyumba ikiungua au mvua ikiingia, nakala ibaki. Angalia jina lako limeandikwa vipi. Jina la cheti na jina la karatasi ya ukimbizi yakitofautiana hata herufi moja, anza kurekebisha sasa.

Pili, kama uko shuleni, usiiache biolojia. Kazi zote za hospitali, hapa na kule, zinaanza na mwili wa binadamu na vijidudu.

Tatu, kuna kujitolea katika timu za afya za vijiji, zinazoitwa VHT. Hutashika mkasi wa upasuaji huko, lakini utajifunza kuongea na mgonjwa, kutunza siri yake na kuandika taarifa. Upasuaji wenyewe, mnajua, wagonjwa wetu wanapelekwa Rwekubo au hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Nne, kwa wale waliomaliza S6 au wenye diploma ya serikali, kuna ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR imekuwa ikiusimamia tangu mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wanaotaka shahada. Nafasi ni chache na washindani ni wengi. Tangazo likitoka, tutalisoma hapa. Na kozi yoyote ya afya ya hapa Uganda utakayoichagua, swali ni lile lile tulilomfundisha mama wa Base Camp: nani ameikagua, mazoezi yanafanyika hospitali gani, na baraza lipi litaniandikisha nikimaliza?

Turudie majina yetu manne kwa wale waliochelewa kupata kalamu. Cheti: CST. Bodi inayotoa mtihani: NBSTSA. Vyombo vya ithibati ya kozi: CAAHEP na ABHES. Hatua ni tano: sekondari, shule yenye ithibati, mazoezi ya upasuaji 120, mtihani wa maswali 175, na pointi 30 kila baada ya miaka 2. Anayekuuzia njia ya kuruka hatua ya pili na ya tatu anakuuzia karatasi tupu.

Kama una swali, liandike na uliache kwenye sanduku letu, au mpe mwakilishi wa kikundi chenu cha wasikilizaji. Usiache kutaja eneo lako. Jina lako si lazima. Wiki ijayo tutazungumza na wanaotaka kusomea ufundi wa maabara.

Kwa leo ni hayo. Kwa niaba ya dada yangu na fundi wetu wa mitambo, nawatakia jioni njema. Mbaki salama.

(Muziki wa kufunga kipindi.)